Trasi inapiga shoti jioni, asubuhi iko sawa. Kosa liko wapi?

#1 KeboNene
Wadau, habari. Naomba mafundi taa na mafundi stima wa humu wanisaidie kuchambua jambo hili kabla mtu hajaumia.

Ni uwanja wa wazi upande wa Lang'ata, udongo mweusi. Trasi ya mbele (fremu ya mabomba ya kubebea taa) ni ya alumini, mita 12, iko juu ya minara miwili. Imebeba pari (taa zisizozunguka) za LED 36 na taa 12 za kichwa kinachozunguka. Jenereta ni ya kVA 100, fezi tatu. Kebo kuu ya milimita 16 za mraba inatembea mita 60 hadi kwenye distro, sanduku la kugawa stima. Rodi ya ethi (fimbo ya chuma ya kuunganisha mfumo na ardhi) imepigwa kando ya jenereta.

Saa nne asubuhi taa zote zimechomekwa na unashika trasi bila kuhisi kitu. Kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu jioni, anayepanda kulenga taa anatekenywa vidole, na mwenye viatu vilivyolowa anarushwa mkono. Mita ya kawaida kati ya trasi na msumari mrefu uliopigwa ardhini inasoma volti 96. Hakuna breka iliyoanguka wala RCD (swichi inayokata stima ikivuja) iliyoruka.

Mimi nadhani ni umande ulioingia kwenye plagi. Mwenzangu hakubali. Distro imezimwa na kufuli iko juu yake, hakuna anayepanda.

#2 TaaTaratibu
Umefanya vizuri kuzima kwanza. Wengi wakisikia trasi inatekenya huvaa glavu na kuendelea. Mtu akishtuka akiwa juu ya ngazi mkono unaachia, na mita tano zinatosha kumvunja shingo hata kama stima yenyewe ilikuwa ndogo.

#3 Nyutro_Ruaka
Umande siuamini. Maji yakiingia kwenye plagi na ethi ikiwa nzima, RCD inaruka. Kwako haikuruka, kwa hiyo itazame ethi.

Kila taa ya LED ina kichujio mlangoni mwa stima. Ndani yake mna kapasita mbili ndogo, moja kutoka layivu hadi bodi (umbo la chuma la taa), nyingine kutoka nyutro hadi bodi. Ethi ikiwa nzima, mvujo wa hizo kapasita unarudi kimya kimya. Ethi ikikatika, bodi ya taa inaelea katikati ya layivu na nyutro, yaani karibu nusu ya 240. Ukiona mita inasoma kati ya 90 na 120 kwenye chuma, shuku vichujio vilivyokosa ethi.

Fanya hesabu: kapasita ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 240, hezi 50, inapitisha kama miliampia 0.35. Taa moja hutaihisi sana. Lakini taa 48 zimefungwa kwenye chuma kimoja: 48 × 0.35 ni karibu miliampia 17, na zote zinamsubiri mtu wa kwanza kugusa. Kuanzia kama miliampia 10 misuli ya mkono inajikaza na wengine hawawezi kuachia. Kwa hiyo @TaaTaratibu, hiyo stima usiiite ndogo.

RCD haioni chochote kwa sababu stima inatoka layivu, inapita bodi na kurudi kwa nyutro ileile. Inayotoka na inayorudi ni sawa.

#4 Fezi3
@Nyutro_Ruaka maelezo ya kapasita ni sahihi, ila umejumlisha kana kwamba taa zote ziko fezi moja. Zikigawanywa sawasawa kwenye fezi tatu, mivujo inaghairiana na trasi inakaa karibu na sufuri hata ethi ikikatika. Ili ufike volti 96 kwa njia hiyo, karibu taa zote lazima ziwe upande mmoja. Mfano 40 fezi ya kwanza, 4 ya pili, 4 ya tatu: hapo unapata kama volti 90.

La pili, trasi ni chuma kimoja. Taa moja tu yenye ethi nzima, na klampu inayogusa alumini tupu, inaiweka trasi nzima kwenye ethi. Kwa hiyo usitafute taa moja mbovu. Kama ni ethi, imekatika juu zaidi, kwenye kebo kuu au kwenye jenereta.

@KeboNene taa umezigawaje?

#5 KeboNene
16, 16, 16. Pari 12 na vichwa 4 kila fezi.

Lakini @Fezi3 umenikumbusha kitu ambacho sikuandika. Distro hiyohiyo ina soketi moja ya ampia 32 inayolisha vibanda vya chakula nyuma ya uwanja. Iko fezi ya kwanza. Taa za vibanda huwashwa giza likianza.

#6 MgeniWaPwani
Poleni na kazi, nawasoma kutoka Mombasa. Hiyo ni hamoniki, yaani mawimbi ya ziada juu ya wimbi la kawaida la stima. Pawa saplai za LED zinatoa hamoniki ya tatu na zote zinajumlishana kwenye nyutro badala ya kughairiana. Jioni taa zikiwaka zote, nyutro inabeba kuliko fezi, volti yake inapanda na kuvuka hadi kwenye trasi.

#7 Fezi3
Karibu. Hamoniki kwenye nyutro ni kweli, na ndiyo maana nyutro haitakiwi kuwa nyembamba kuliko fezi. Lakini tupime. Waya wa milimita 16 una ukinzani wa kama omu 1.15 kwa kilomita. Mita 60 ni omu 0.069. Hata nyutro ikibeba ampia 60, unapata volti 4 tu. 96 ziko mbali.

Nyutro ikilegea au kukatika kabisa ni mambo mengine: fezi zinavutana na taa za upande wenye mzigo mdogo zinaweza kupata hadi karibu 415. Hapo ungenusa moshi kabla hujagusa trasi.

#8 MwenyeMita
Kabla hamjaenda mbali, hiyo 96 imesomwa na mita ya dijitali yenye ukinzani wa megaomu 10. Mita kama hiyo inasoma volti hata kwenye waya uliolala tu kando ya mwingine wenye stima. Inakuambia kuna volti, haikuambii kuna nguvu kiasi gani nyuma yake.

Fanya hivi. Chukua rezista ya omu 2,000, wati 5. Hiyo inakaribia mwili wa mtu. Distro ikiwa imezimwa, funga rezista kwa klipu kati ya trasi na msumari wako, na waya za mita kwenye ncha za rezista. Ondoka, weka watu mbali mita tatu, washa, soma kwa mbali. Gawanya volti kwa 2 upate miliampia. Ikisoma volti 2 ni miliampia 1, inasumbua tu. Ikisoma 20 au zaidi, chukulia trasi ni waya hai.

Mita iwe ya daraja la CAT III (la kuhimili stima ya nguvu) na waya zake ziwe nzima. Ile ya kununua kwa haraka, waya nyembamba kama uzi wa kushonea, usiipeleke kwenye fezi tatu.

#9 DimaYaZamani
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu watu wa sauti? Wanafika saa kumi jioni, wanachomeka, wanasikia mvumo kwenye spika, wanakata pini ya ethi. Shoti inaanza jioni, sauti inafika jioni. @SautiYaUmoja najua unasoma.

#10 SautiYaUmoja
Nasoma, na nakubali wapo wanaofanya hivyo. Ni kosa kubwa. Mvumo unatoka kwenye mzunguko wa ethi: mikisa iko kwenye ethi moja, amplifaya kwenye nyingine, na skrini (wavu wa chuma) ya kebo ya sauti inaziunganisha. Dawa iko upande wa sauti: transfoma ya kutenganisha kwenye laini ya sauti, au kukata skrini upande mmoja wa kebo ya sauti, mwisho wa kupokea. Ethi ya stima haiguswi. Ukiikata, amplifaya ikipata hitilafu, maikrofoni ndiyo inakuwa njia, na mwimbaji ameishika karibu na mdomo.

Ila @DimaYaZamani, ninyi wa taa ndio mnapitisha kebo za dima (vipunguza mwanga) sambamba na za sauti mita thelathini halafu mnatulaumu kwa mvumo. Zivukisheni kwa pembe mraba.

#11 DimaYaZamani
Hilo la kebo sambamba nalikubali. La pini bado linachunguzwa.

#12 KeboNene
Majibu ya leo jioni, nimefuata @MwenyeMita hatua kwa hatua.

Bila rezista: volti 96. Na rezista ya omu 2,000: volti 26. Yaani miliampia 13.
Nikizima soketi ya vibanda: bila rezista inashuka hadi 41.
Sauti ikichomolewa kabisa, spika na mikisa: inabaki 41, haisogei.

Kwa hiyo sauti naona inatoka kwenye orodha. Samahani @SautiYaUmoja.

#13 SautiYaUmoja
Shukrani. @DimaYaZamani ameona?

#14 Fezi3
Miliampia 13 ni hatari, tusizunguke hapo.

Sasa angalieni. Taa 48 zenye kapasita mbili kila moja ni kama mikrofaradi 0.45, ambayo kwa hezi 50 inazuia kama omu 7,000. Volti 96 kupitia hizo na omu 2,000 za rezista inatoa karibu miliampia 13. Inalingana na nadharia ya Nyutro_Ruaka. Lakini mvujo wa kawaida kupitia maji, wa omu 5,400 hivi, ungetoa jibu hilohilo. Kwa hiyo kipimo hiki kinatuambia ukubwa wa hatari, hakituambii chanzo.

Namna ya kutenganisha: kapasita haipitishi stima ya DC, maji yanapitisha. Zima jenereta, tenganisha kebo kuu, unganisha fezi zote na nyutro pamoja upande wa distro, kisha pima kihami (uwezo wa kuzuia stima) kati ya kifungu hicho na ethi kwa mega, mita ya kupimia kihami. Anza na volti 250. Ukienda moja kwa moja 500, vizuia mwali (vya kukata volti iliyozidi) ndani ya taa vinaweza kuanza kupitisha na kukupa jibu la uongo. Chini ya megaomu 1 kuna maji au waya uliochubuka.

#15 Kibarua_Embakasi
Naomba kuuliza la pembeni. Mimi huitwa kwa siku. Msimamizi akisema panda na wewe umehisi trasi inatekenya, una haki gani? Ukikataa kesho huitwi.

#16 AfisaUsalama
Ndugu, swali lako si la pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Ripoti kwa maandishi. Ujumbe wa simu wenye saa na picha ya mita unatosha kuanzia: "Trasi ya mbele inasoma volti 96 kwa ardhi, sijapanda, nasubiri irekebishwe."

Pili, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Shida inakuja pale unapoandikwa kama mkandarasi huru badala ya kibarua, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Kifo kikitokea, afisa wa DOSHS (idara ya usalama na afya kazini) wa eneo anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 24 na ripoti ya maandishi ifike ndani ya siku saba. Kuosha jukwaa na kuendelea na onyesho ni kuharibu ushahidi.

Na kazi ya kuunganisha distro kwenye jenereta au kwenye stima ya jengo inataka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

#17 Kibarua_Embakasi
Asante. Hiyo ya ujumbe wenye picha nitaitumia.

#18 MamaTrasi
Wazee wa volti endeleeni, mimi niseme ya juu.

Chanzo kiwe chochote, trasi inatakiwa iwe na waya wake wa ethi, usitegemee klampu za taa. Klampu nyingi zimepakwa rangi nyeusi ya unga na rangi hiyo inazuia stima. Chukua waya wa kijani na njano wa milimita 16, klampu ya bomba la milimita 48 hadi 51, funga kwenye bomba kuu la trasi na upeleke moja kwa moja kwenye basba (chuma cha kuunganishia waya) ya ethi ya distro. Usitoboe trasi na usiipige tupa. Bomba lina ukuta wa kama milimita 2, kila mkwaruzo unaupunguza. Kama minara imetenganishwa na trasi kwa magurudumu ya plastiki, kila mnara upate waya wake.

La pili. @KeboNene umesema mtu anapanda kulenga taa. Kama yuko kwenye hanesi na kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, na trasi iko mita 5, hanesi hiyo haimsaidii. Hesabu: kamba mita 2, kifyonza kikifunguka kinaongeza hadi 1.75, kutoka kifuani hadi miguuni 1.5, na nafasi ya usalama mita 1. Jumla 6.25. Anafika chini kabla haijamkamata. Kwenye mita 5 tumia kamba fupi ya kumzuia asifike ukingoni, au rila inayojifunga ndani ya nusu mita. Afadhali zaidi, shusha trasi ulenge ukiwa chini, kisha upandishe.

Tatu, sefti za taa, yaani waya za kuishika taa klampu ikiachia. Nimeangalia picha uliyoweka na vichwa viwili sefti zake zimefungwa kwenye mkono wa klampu. Klampu ikifunguka sefti inaanguka nayo. Izungushe bomba kuu, ipite kwenye tundu la bodi ya taa, ifungwe kwa kiungo cha skurubu. Ilegee kidogo tu, taa isianguke zaidi ya sentimita 20. Kichwa cha kilo 25 kikianguka mita nzima kinakata waya ambao ungekishika vizuri kwenye sentimita 20.

#19 TaaTaratibu
@MamaTrasi hesabu ya 6.25 nimeipeleka kwenye kundi la mafundi wetu. Hanesi zote tulizonazo zina kamba ya mita 2.

#20 RodiMbili
Mmesahau ardhi yenyewe. Kila mtu anadhani trasi ndiyo imepanda. Huenda ni kinyume.

Udongo mweusi wa Lang'ata ukilowa unapitisha stima vizuri sana. Ukikauka unapasuka na kujitenga na rodi. Rodi ya mita 1.2 iliyopigwa wakati wa kiangazi inaweza kuwa imesimama ndani ya shimo lake, inagusa hapa na pale tu. Mkono ukiitikisa na ikacheza, hiyo si ethi.

Sasa sema nyutro imefungwa kwenye bodi ya jenereta kama inavyotakiwa, lakini rodi haishiki. Mfumo mzima unaelea juu ya ardhi. Kule vibandani kuna ekstenshoni imelala kwenye nyasi, jioni kuna umande na maji ya kuoshea sahani. Layivu ya fezi ya kwanza inavuja ardhini. Ardhi inavutwa kuelekea fezi ya kwanza, na bodi ya jenereta, ethi yote na trasi vinabaki upande wa pili. Mtu aliyesimama kwenye nyasi akishika trasi anakuwa ndiye rodi.

Inaeleza kwa nini ni jioni. Inaeleza kwa nini ukizima vibanda inashuka. Na RCD za taa haziruki kwa sababu mvujo hauko kwenye taa.

Kipimo: volti kati ya trasi na bodi ya jenereta, kisha bodi ya jenereta na ardhi. Kama ya kwanza ni ndogo na ya pili ni kubwa, kebo yako ni nzima na rodi ndiyo mbovu.

#21 MgeniWaPwani
Mwagieni rodi maji ya chumvi, mtaona.

#22 RodiMbili
Maji matupu yanasaidia usiku huo. Chumvi inasaidia pia lakini inakula rodi na klipu yake, na mvua ikija inaondoka. Piga rodi tatu, ziachane angalau urefu wa rodi moja, afadhali mbili, uziunganishe. Na usiitegemee rodi kuangusha breka. Rodi ya omu 100 ikipata layivu ya 240 inapitisha ampia 2.4. Breka ya 32 haitajua kama kuna jambo. Kinachoangusha breka ni muungano wa nyutro na bodi kwenye jenereta, ili hitilafu irudi kwa waya mnene. Kwenye zege, kama uwanja wa KICC, huna pa kupiga rodi, unaunganisha na ethi ya jengo.

#23 Nyutro_Ruaka
@RodiMbili ni nzuri, lakini umedhania nyutro imefungwa kwenye bodi. Jenereta nyingi za kukodi zinakuja bila huo muungano, kwa sababu zimetengenezwa kukaa nyuma ya swichi ya kubadilishia ya jengo. Kama haupo, vichujio vinaweza kuinua ethi yote pamoja na bodi ya jenereta, na vibanda vyenye taa za fezi moja vinavuruga ule usawa wa 16, 16, 16. Utapata jibu lilelile kwenye kipimo chako. Na RCD zote uwanjani zinakuwa pambo, maana hitilafu haina njia ya kurudi. Kitufe cha kujaribia RCD kitafanya kazi vizuri tu, kwa sababu hakitumii ethi. Wengi wanakibonyeza, inaruka, wanasema tuko salama.

Pima nyutro na bodi ya jenereta. Ikiwa karibu na sufuri, RodiMbili ana hoja. Ikiwa makumi ya volti, muungano haupo.

#24 DimaYaZamani
Tukiwa kwenye RCD, niongeze hili. Ikishaunganishwa vizuri, jiandae kwa kilio kipya: RCD zitaanza kuruka ovyo. Ile ya miliampia 30 inaruhusiwa kuruka popote kati ya 15 na 30. Ukiweka taa 48 zenye mvujo wa kawaida kwenye moja tu, inaweza kuruka kila ukiwasha. Hapo ndipo mtu anaitoa na kuunganisha moja kwa moja. Dawa ni kugawa: RCD moja ya 30 kwa kila laini yenye taa 12 hadi 16, na juu yake moja ya 300 yenye kuchelewa. Iwe aina ya A. Ile ya AC inapumbazwa na mawimbi ya pawa saplai za LED na inaweza isiruke siku unayoihitaji.

Na rangi za waya mziangalie. Kwenye kebo za zamani nyekundu, njano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Kwenye mpya kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu ndiyo nyutro. Ukiunga ekstenshoni ya zamani kwa mpya kwa kufuata rangi, bluu kwa bluu, umeipa nyutro layivu. Kila kiungo kipimwe kabla ya kuwashwa.

#25 TaaTaratibu
Hapo kwenye rangi weka nyota tatu. Na kwa wanaotumia viunganishi vya waya mmoja mmoja: ethi kwanza, nyutro pili, kisha fezi. Kuchomoa ni kinyume.

#26 SautiYaUmoja
Hiyo jenereta ya kVA 100, kama haina tabo (kisukuma hewa cha injini), kwa mwinuko wa Nairobi haitoi 100. Tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na injini inapoteza karibu asilimia moja kwa kila mita mia. Msije mkaishusha volti na kuongeza mafumbo.

#27 Fezi3
Kweli, ila haihusiani na shoti. Fungua uzi wake, nitakuja.

#28 KeboNene
Nimerudi na vipimo.

Mega kwa volti 250, fezi na nyutro pamoja kwa ethi: megaomu 4. Lakini nilipima saa tano asubuhi, jua kali, kila kitu kimekauka.
Trasi kwa bodi ya jenereta, jioni: volti 3.
Bodi ya jenereta kwa ardhi: volti 93.
Rodi nimeitikisa kwa mkono, inacheza kama jino la mtoto.
Ethi ya kebo kuu kutoka distro hadi jenereta, kwa mita ya kawaida: omu 0.3.

Nyutro kwa bodi sijapima. Kifuniko cha jenereta kina kufuli ya mwenye jenereta.

#29 RodiMbili
Volti 3 na 93. Nimesema.

#30 MwenyeMita
Bado. Waya wa milimita 16 kwa mita 60 ungesoma chini ya omu 0.1. Wewe una 0.3. Inaweza kuwa waya za mita yako zenyewe: zigusanishe ncha kwanza, utoe jibu hilo. Ikibaki 0.2, kuna kiungo kilicholegea au waya umebaki nyuzi chache. Mita ya kawaida inapitisha stima kidogo mno, hata uzi mmoja wa shaba unaipitisha na kusema sawa. Hitilafu ya ampia mia ikija uzi huo unakatika kwanza. Pima kwa mashine inayosukuma ampia 10 au zaidi.

#31 Nyutro_Ruaka
Na 41 iliyobaki baada ya kuzima vibanda? Taa ziko 16, 16, 16, vibanda vimezimwa, hakuna mvujo wa umande vibandani. Inatoka wapi? Nadharia ya rodi peke yake haielezi hiyo 41.

#32 RodiMbili
Swichi ya vibanda ni ya nguzo moja (inakata layivu tu) au mbili (inakata na nyutro)? Na taa za jukwaa je, ekstenshoni zake hazilali kwenye nyasi?

#33 KeboNene
Breka ya vibanda ni ya nguzo moja. Ekstenshoni mbili za taa za mnara wa kushoto ziko kwenye nyasi, ndiyo.

#34 Nyutro_Ruaka
Basi una mambo mawili ya kutenganisha. Ziinue hizo ekstenshoni juu ya vipande vya mbao, viungo vikiangalia chini, na uchomoe plagi ya vibanda kabisa badala ya kuzima breka. Kisha upime tena.

#35 KeboNene
Sawa. Kesho mwenye jenereta anakuja na ufunguo saa tisa. Mpango: rodi tatu mpya, kupima nyutro kwa bodi, plagi ya vibanda kuchomolewa, ekstenshoni kuinuliwa, mega tena saa moja jioni umande ukiwa umeshuka. Jambo moja moja, kipimo baada ya kila moja, ili nijue ni lipi lililoshusha.

#36 MamaTrasi
Pima trasi ikiwa imeshushwa hadi kifuani, na waya wa ethi wa milimita 16 uwe umeshafungwa na kuandikwa namba ya simu ya anayeusimamia. Trasi isipande hadi rezista ya omu 2,000 isome chini ya volti 1. Na zile sefti mbili, bado sijaona picha mpya.